Maswali ya wasomaji: JSON haiungwi kwa mkono

Natuma JSON (data iliyoandikwa kama maandishi ya majina na thamani) kwa POST, ombi la kupeleka data, seva inanirudishia 415. Nikijaribu kwa kompyuta inakubali. (Mwanafunzi, Juja)

415 ni seva ikisema haikubali aina ya data uliyotuma. Hujaiambia unachotuma ni nini. Weka kichwa cha ombi cha `Content-Type` chenye `application/json`. Ile zana ya kwenye kompyuta imekuwa ikikuwekea kimyakimya.

Programu yetu ya kuagiza chakula inafanya kazi, ila maagizo ya baadhi ya wateja yanagonga 400. Toleo ni lile lile. Shida ni Android? (Roysambu)

Android isingiziwe. 400 ni seva ikisema ombi limeandikwa vibaya. Umeambatisha kipande cha msimbo na nimekuta humo nilichokitarajia: mabano, nukuu na majina ya sehemu, vyote vimeungwa kwa alama ya kujumlisha. Sasa, nyumba nyingi Nairobi hazina anwani, kwa hivyo mteja hujieleza. Anaandika: geti nyeusi baada ya kinyozi, uliza "Mama Chapo". Hizo nukuu zake zinafunga maandishi kabla ya wakati, na kinachobaki si JSON tena. Mwingine anaruka mstari katikati ya maelekezo. Hilo nalo ni kosa mpaka mstari mpya uandikwe `\n`.

Na usiniambie utatumia nukuu moja moja. JSON haizitambui, na hata ungepata seva ya kuzivumilia, ungekwama kwa Ng'ang'a wa kwanza kujisajili. Nambari ya simu pia: 0722 na kuendelea, bila nukuu, haipiti, kwa sababu nambari ya JSON haiwezi kuanza na sifuri kisha tarakimu nyingine. Itume kama maandishi. Nani hujumlisha nambari za simu?

Jaza data kwenye maktaba ya `JSONObject`, kisha iache ijiandike yenyewe. Imo ndani ya Android tangu toleo la kwanza kabisa, hata bando la kuipakua hulihitaji.

Hili hukuuliza, lakini naona bei imetangulia maelekezo. Mteja mjanja akimalizia maelekezo yake kwa `","bei":"1`, utakachotuma ni hiki:

`{"bei":"650","maelekezo":"geti nyeusi","bei":"1"}`

Bei mbili, na vichanganuzi vingi, yaani programu za kusoma JSON, huchukua ya mwisho. Umeuza pilau kwa shilingi moja. Maktaba itaziba tundu hilo, lakini mwenye simu bado anaweza kulibadilisha ombi kabla halijaondoka. Bei ikae kwenye seva. Simu itume chakula gani na sahani ngapi, basi.

Kwa nini localhost haifunguki kwenye simu? (Wengi mno, kutoka kila mtaa)

Kwa sababu localhost ni jina la kifaa kujiita chenyewe, na localhost ya simu ni simu yenyewe! Kwenye emyuleta ya Android, ile simu ya kuigizwa ndani ya kompyuta, andika `10.0.2.2`, ndiyo kompyuta yako. Kwenye simu halisi, andika anwani ya IP ya kompyuta yako, mkiwa Wi-Fi moja. Ikigoma bado, kumbuka kwamba programu zilizolengwa Android 9 na kuendelea huzuiwa kutumia HTTP isiyosimbwa hadi uiruhusu. Iruhusu kwenye toleo la majaribio pekee. Anayeiruhusu "kwa muda" huwa haikumbuki tena.

Naweza kutuma nambari ya kitambulisho cha mteja kwa GET? Ni rahisi zaidi. (Westlands)

Hapana. Kwa GET data hukaa kwenye URL, yaani anwani ya ombi, na yaliyo kwenye URL huishia kwenye kumbukumbu za seva, ambazo hata kijana wa atachimenti anazisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina kifungu cha urahisi.

Wateja wetu wakiwa safarini hutozwa mara mbili. Tumezima kitufe cha Lipa kwa sekunde kadhaa, bado. (Kitengela)

Mtandao unakatika ombi likiwa limeshafika ila jibu halijarudi. Programu yenu inakuta kimya, inadhani imekataliwa, inatuma tena. Kitufe hakihusiki.

Mteja akibonyeza Lipa, simu itengeneze UUID moja (kitambulisho cha kipekee cha malipo hayo) na kuihifadhi kabla ya kutuma chochote, ili hata programu ikizimwa na kufunguliwa upya, jaribio la pili libebe UUID ile ile. Seva ikiiona tena, irudishe jibu la kwanza bila kutoza. Wengi huharibia hapa: wanatengeneza UUID mpya katika kila jaribio, na kwa seva hayo ni malipo mapya kila mara. Na zuio la kurudia liwe kwenye hifadhidata, kwa safu isiyokubali thamani mbili zinazofanana. Ukitegemea ukaguzi wa `if` kwenye msimbo peke yake, maombi mawili yakifika kwa pamoja yote yatakuta hakuna rekodi, na yote yatatoza.

Waliokwisha kutozwa mara mbili warudishieni pesa leo. Msingoje wapige simu.