Bibi, Hii Inaiva kwa Dakika Ngapi?

Nilihamia Kigoma nikiwa na sufuria mbili, mwiko mmoja na kiburi cha mtu aliyelelewa Tanga. Nilijiona mpishi kwa sababu nimekulia kwenye wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kumbe nyumbani kazi yangu ilikuwa kukuna nazi tu. Yaliyobaki aliyafanya mama huku mimi nimeinamia simu.

Nikapanga chumba Mwanga, hapo hapo mjini Kigoma, nyumba ya wapangaji watano tunaochangia uani. Chumba cha pembeni anakaa bibi mmoja, mzaliwa wa Ujiji, ambaye tangu siku ya kwanza ananiita "mume wangu" kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Kila nikiharibu chakula anadai talaka. Hadi sasa tumeachana zaidi ya mara kumi.

Mwezi wa kwanza nilikula kwa mama ntilie asubuhi, mchana na jioni, mpaka mshahara ukaniomba nifikirie upya. Nikaamua kupika mwenyewe, na kupika kweli, tangu unga na majani mabichi, siyo kuchemsha vya pakiti. Nikanunua daftari. Nikawa namfuata bibi na kalamu, swali langu moja: "Bibi, hii inaiva kwa dakika ngapi?" Jibu lake nalo moja: "Inaiva ikiiva." Nilidhani ananificha. Nimeunguza sufuria tatu ndipo nikaelewa kwamba hana dakika za kunipa. Mkaa wa leo mkavu, wa jana ulinyeshewa. Majani ya masika laini, ya kiangazi magumu kama turubai. Yeye anasikiliza, ananusa na kutazama rangi. Kwa hiyo anayetaka dakika hapa atazipata chache sana. Nitakupa alama za kutazama, na aibu nilizolipia ili kuzijua.

Nianze na mawese. Julai, asubuhi zikiwa na ubaridi, nilinunua dumu la lita tano, jekundu linang'aa. Kulipokucha nikakuta chini ya dumu kuna kitu kizito kama uji wa rangi ya chungwa, juu yameelea mafuta mepesi. Moja kwa moja nikajua nimeibiwa, nimeuziwa mafuta yaliyotiwa unga. Nikalibeba dumu hadi sokoni, nikamsimamia yule mama mbele ya wateja wake, nikamwambia maneno. Hakubishana nami. Alilichukua dumu akaliweka juani, akanisogezea kigoda. "Kaa, baba." Nikakaa nimekunja uso. Jua likafanya kazi yake, uji ukayeyuka, dumu zima likawa mafuta mamoja mekundu kama jana yake, na meza ya jirani ikawa inacheka bila kujificha. Mawese huganda baridi ikiingia. Ndiyo hulka yake, siyo ubovu. Niliondoka na fungu la nyanya nisilolihitaji, maana ilibidi ninunue kitu.

Basi usiyaache kwenye dumu la mdomo mwembamba. Yahamishie kwenye kopo au ndoo ndogo ya mdomo mpana yenye mfuniko, uchote kwa kijiko. Ukimwagikiwa kwenye shati jeupe, fua kwa sabuni kwanza kisha lianike juani, kwa kuwa ile rangi hufifia kwenye jua. Kijiko cha plastiki kikishashika rangi ndiyo basi, kikubali kilivyo.

Kosa la pili la mawese lilikuwa la kutisha zaidi. Watu wengi hawapendi ile harufu kali ya mafuta mabichi, hivyo huyachoma kidogo na kipande cha kitunguu kabla ya kutia mboga. Nikaweka karai jikoni, nikamimina mafuta, simu ikaita. Alikuwa mama, anauliza kama nakula vizuri. Nikamweleza kwa mapana jinsi ninavyojipikia siku hizi. Niligeuka nikakuta uani hapaonekani kwa moshi, jirani anaanua nguo zake kwa matusi, na ulimi wa moto unacheza juu ya karai. Nikakimbilia ndoo ya maji.

Bibi hutembea kwa mkongojo. Siku hiyo sijui alifikaje. "Wee! Maji usitie!" Akachukua sinia la bati, akalisukuma juu ya karai likafunika pote, akanivuta nyuma kwa mkanda wa suruali. Moto ukakosa hewa, ukafa. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka huzama chini yake, yanachemka papo hapo na kuyarusha mafuta yenye moto usoni kwako na ukutani. Funika, ondoa mkaa kwa koleo ukiweza, na usifunue mpaka karai lipoe. Hili ndilo la pekee humu ambalo sitaki ulijaribu ili ujue.

Alama zake ni hizi. Mawese yakipata moto huanza kwa kelele, yanachachatika kwa sababu ya maji yaliyobaki ndani yake. Kelele zikitulia, tia kitunguu. Kitunguu kikishika rangi ya kahawia, endelea na mapishi. Ukiona moshi mwembamba unaanza kupanda, umeshachelewa, teremsha. Wapo wanaoyachoma mpaka wekundu wote upotee, yabaki meupe kama mafuta ya alizeti. Mimi siwaelewi. Ule wekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Unanunua wekundu halafu unauunguza?

Sombe. Huku kisamvu wengi wanakiita sombe, na kikipikwa kwa mawese, nyanya chungu na dagaa, hata mtu wa Tanga anasahau nazi kwa muda. Jaribio langu la kwanza nililifanya bibi akiwa amesafiri, na nadhani kama angekuwepo angenivunjia mkongojo. Nilichuma majani ya muhogo nyuma ya nyumba, nikayakata kwa kisu kama mchicha, nikakaanga na kitunguu na nyanya, nikafunika, nikaepua baada ya dakika kumi. Yakawa machungu hasa. Nikaongeza chumvi. Nikaongeza ndimu. Nilikuwa nakaribia kutia sukari bibi alipoingia na begi lake, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akabeba sufuria nzima mpaka shimo la taka. Hakusema talaka siku hiyo. Aliniuliza kama nimekula, na kiasi gani.

Muhogo, majani na mizizi, una sumu ya sianidi, na aina chungu huwa nayo nyingi zaidi. Kwenye majani sumu hiyo hutolewa kwa kutwanga, kisha kuchemsha kwa muda mrefu. Ukitwanga, majani yanapasuka na sumu inaachiliwa, ukichemsha inaondoka na mvuke. Ndiyo maana bibi huacha sufuria wazi mwanzoni. Kukatakata kwa kisu hakutoshi. Kinu na mchi, au ukanunue yaliyokwisha sagwa sokoni, hakuna aibu. Mafuta, dagaa na nyanya chungu vinakuja mwishoni kabisa, majani yakiwa yameshaiva. Alama: ile harufu ya majani mabichi, kama ya nyasi zilizofyekwa, ikishakwisha kabisa na majani yakasagika katikati ya vidole viwili, yameiva. Kwangu hutumia zaidi ya saa moja, na mkaa mbaya hutumia zaidi. Mizizi nayo ina desturi yake: mihogo michungu humenywa, ikalowekwa siku kadhaa mpaka ilainike, ikakamuliwa na kuanikwa ndipo itwangwe unga. Unga wa muhogo nunua kwa mtu unayemjua.

Na huo unga ndio ulioniaibisha mbele ya wageni. Nilialika wafanyakazi wenzangu wawili, Waha wa Kasulu, nikataka kuwaonyesha kwamba Mtanga ameiva. Nikapika ugali wa muhogo kama nilivyozoea wa sembe: uji kwanza, uchemke, uzidishiwe unga kidogo kidogo. Uji wa muhogo ukishachemka unakuwa gundi. Nikaongeza unga, gundi ikawa gundi zaidi. Nikasonga mpaka jasho likadondoka nisipopaswa kusema. Mwishoni nikauinua mwiko ili niupige ukingoni, sufuria ikainuka nao. Ikaning'inia hewani, sentimita kadhaa juu ya jiko, ikizunguka polepole, wageni wanaitazama, bibi anaitazama. "Mume wangu," akasema, "hii tuwauzie wa uchaguzi wabandikie picha zao." Tulikula wali wa jirani.

Anavyopika yeye: maji yachemke kwelikweli, unga unamiminwa mwingi kwa mara moja katikati, maji yanaachwa yapande na kuulowesha, kisha unasonga kwa nguvu bila kusimama, sufuria umeibana. Mwanzoni ni mweupe butu wenye mabonge. Uendelee. Ghafla rangi inageuka, unakuwa wa kijivu unaong'aa kidogo, unavutika na kuachana na ukuta wa sufuria. Hapo ndipo. Lowesha mwiko kwa maji kabla ya kupakua. Anayeanza achanganye nusu kwa nusu na unga wa mahindi. Wenyeji wengi hufanya hivyo na hakuna atakayekucheka.

Dagaa nitapita haraka, isipokuwa jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, dagaa wakifuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, boti nyingi hazitoki. Mimi nilikuwa nakwenda mwalo wa Kibirizi siku yoyote ninayojisikia, narudi nalalamika bei, mpaka bibi akaniuliza kama huwa sitazami juu. Nunua siku za giza, mbalamwezi isipokuwepo, uweke akiba ya wakavu. Akiba hiyo iliniokoa pia mwaka 2024, uvuvi Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mgebuka mbichi, samaki wa ziwa hili, ikawa hadithi, nikajua mapishi sita ya maharage. Dagaa wakavu wapepete, uwaoshe kwa maji ya uvuguvugu, uwakaushe kwenye karai bila mafuta kwanza. Wakianza kulia kama changarawe ukiwageuza, ndipo utie mafuta. Nunua walioanikwa kwenye vichanja. Wa mchangani utawatafuna na ufuo wake.

Maandazi ndiyo yaliyonifunza unyenyekevu zaidi, kwani niliyadharau. Nilifikiri hamira ikipata maji ya moto sana itaumuka haraka sana. Hamira ni kitu hai. Nikaimwagia maji yaliyotoka kuchemka, nikaiua yote. Unga nikaukanda, nikaufunika kwa kanga, nikausubiri kwa muda wa saa nne kama anayesubiri treni. Haukuinuka hata kidogo. Nikaona nikaange hivyo hivyo, kwa kuwa unga ni hela. Watoto wa uani walipewa, wakanishukuru kwa adabu, wakaenda nayo nyuma ya choo. Baadaye niliwasikia wanabishana kama yanafaa kuchezea rede. Mkubwa wao akasema hapana, yataua mtu.

Maji ya hamira yawe ya joto la kumwogeshea mtoto mchanga. Chovya kidole; ukikiondoa haraka, hamira nayo itaungua. Weka na sukari kijiko kimoja, subiri kidogo. Ikitoa povu na kunukia kama togwa, iko hai. Isipotoa, usiihurumie, mwaga, maana hasara ya hamira ni ndogo kuliko hasara ya kilo ya ngano. Unga umeumuka ukiubonyeza kidole na alama ikarudi taratibu. Kwa kuwa nazi huku si ya kila genge kama kwetu, nakandia maziwa, na mama yangu akisoma hapa atanikana.

Sufuria zilizoungua usizikwangue kwa kisu. Zijaze maji na majivu, zichemke, ulale. Asubuhi gaga linatoka lenyewe. Mbili zangu zimepona hivyo. Ya tatu, ile ya ugali, bibi ameipanda kitunguu.

Sijui kila kitu sasa. Chapati bado zinanishinda, hazitaki kuwa duara. Ya jana ilitoka ndefu na nyembamba kama Ziwa Tanganyika lenyewe kwenye ramani, na tundu pale penye Kigoma. Nikaila na sombe iliyolala, ambayo siku ya pili huwa tamu kuliko siku ya kwanza.