Mafuta ya tumboni nayo hutoa homoni: kwa mwenzangu mwenye PCOS

Kama una PCOS, yaani hali ya homoni kuvurugika inayoathiri ovari na hedhi, bila shaka umeshaambiwa "punguza uzito" hadi masikio yamechoka. Mimi nimeambiwa na madaktari, na ndugu, na hata watu tusiojuana. Sababu hasa nilikuja kuielewa kwa kuuliza maswali kila nilipokwenda kliniki, na nadhani kila mwanamke mwenye hali hii anastahili kuelezwa.

Mafuta mwilini si akiba tu. Yanatengeneza homoni na kuziachia kwenye damu. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, huujulisha ubongo kwamba akiba inatosha. Adiponektini husaidia seli kuitikia insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye seli, na ajabu yake ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo yakizidi, adiponektini hupungua. Kwa wenye PCOS mara nyingi huwa chini hata ukiwalinganisha na wanawake wa uzito uleule, kwa hiyo nanyi dada zangu wembamba, jambo hili linawahusu.

Seli zisipoitikia insulini vizuri, kongosho humwaga nyingi zaidi. Insulini hiyo ikifika kwenye ovari huzichochea kutoa testosteroni, homoni ya kiume, kupita kiasi. Kwenye ini hupunguza protini inayoishikilia testosteroni, nayo ikabaki huru kwenye damu. Ndiyo hizo ndevu za kidevuni, chunusi za taya, na mayai yasiyopevuka. Na ule weusi laini kama mahameli nyuma ya shingo si uchafu, usijiumize kwa kuusugua. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini iko juu.

Sasa, usitoe pesa yako kupima leptini wala adiponektini. Vipimo hivyo havitumiki kutambua PCOS. Omba kipimo cha sukari cha kunywa glukosi gramu 75, pamoja na presha na lehemu (kolesteroli). Nyumbani, pima kiuno kwa utepe, maana mizani haijui mafuta yamekaa wapi. Sketi zangu zilianza kulegea kiunoni wakati mizani bado imegoma, na hedhi ikaanza kurudi kipindi hichohicho.

Wala huhitaji kukonda sana. Kupungua asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha upevushaji wa mayai. Kwa mwenye kilo 80 ni kilo 4 hadi 8. Mimi nayapenda zaidi mazoezi ya nguvu, kuchuchumaa na kuinuka, kubeba vitu vizito, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haisikilizwi. Dawa kama metformini, inayosaidia mwili kuitikia insulini, zipo pia, ila hizo zungumza na daktari wako.

Na hedhi ikipotea zaidi ya siku 90, nenda hospitali hata kama hutafuti mtoto. Ukuta wa mfuko wa uzazi unaoendelea kunenepa bila kutoka unahitaji kuangaliwa.