Larry Hagman: anza na jina la baba yake

Salama mkuu. Umeuliza kama Larry Hagman, yule mwigizaji wa Marekani aliyecheza J.R. katika tamthilia ya televisheni ya Dallas, kweli ni mtoto wa mwigizaji Mary Martin wakati majina hayalingani, na kama mama ndiye aliyembeba kwenye kazi ya uigizaji.

Ni mwanawe wa kumzaa. Nami nilikwama hapo hapo nikiandaa wasifu wake, mpaka nilipotazama upande wa baba: Benjamin Hagman, mwanasheria wa Texas. Larry alizaliwa Fort Worth mwaka 1931 akachukua jina la baba. Wazazi waliachana, mama akawa nyota wa michezo ya muziki Broadway, kwenye kumbi za maonyesho za New York.

Kubebwa? Panga miaka kwanza, utaona mwenyewe. Mwanzoni mama alimshika mkono kweli. Walicheza pamoja London katika mchezo wa muziki wa South Pacific. Kisha Larry akatumikia jeshi la anga la Marekani, akarudi kuhangaika na nafasi ndogondogo. Tamthilia ya televisheni ya I Dream of Jeannie ilianza 1965, akiigiza mwanaanga. Dallas ilipoanza 1978 alikuwa na miaka 46! Mtu wa kubebwa hangojei hivyo. Tena baadhi ya vipindi vya Dallas aliviongoza yeye mwenyewe, na inaniuma watu wanavyolisahau hilo.

Usiishie 1991 Dallas ilipofungwa. Mwaka 1995 alipandikizwa ini, 2012 Dallas ikarudi hewani naye akawa J.R. tena, na Novemba mwaka huohuo akafariki akiwa Dallas, mji wenyewe.