Etha ni ileile, kwa nini kuigawa mara mbili kunabadilisha jibu?

Swali: Mkuu naomba msaada. Gramu 12 za kitu fulani zimeyeyuka kwenye maji mililita 100, K yake (namba ya jinsi kinavyojigawa) kati ya etha (kiyeyushi kinachoelea juu ya maji) na maji ni 5. Tukitikisa na etha mililita 100, zinatoka gramu ngapi? Mi nimegawa 12 kwa 5, zikabaki 2.4 kwenye maji, 9.6 zimetoka, naambiwa nimekosa. Alafu sehemu b wanasema etha hiyohiyo tuiweke mara mbili, 50 kisha 50. Si jibu lilelile tu?

Jibu: Ulipogawa kwa 5 ndo ulipoteleza, na hauko peke yako, vijana wanaokuja kujifunza maabara kwetu huanguka palepale. K haisemi kilichobaki ni moja ya tano ya mzigo wote, inasema ukolezi (kiasi kilichoyeyuka katika kila mililita) upande wa etha ni mara 5 ya ukolezi upande wa maji. Hapa ujazo uko sawa, 100 kwa 100, kwa hiyo fungu 1 liko kwenye maji na mafungu 5 yako kwenye etha, jumla mafungu 6. 12 gawa kwa 6 ni 2, basi gramu 2 zimebaki na 10 zimehamia. Hakiki: 10 kwa 2 ni 5, imekubali.

Sehemu b sasa, hii ndo tamu. Etha ni ileile kweli, ila ile 50 ya pili inaingia ikiwa tupu kabisa, haijabeba kitu, inaanza kuvuta upya. Kilichobaki kwenye maji kiite x:

(12 − x)/50 = 5 × x/100

Ukifungua unapata 24 = 7x, x ni 3.43, yaani 2/7 ya ulichoanza nacho. Mwaga tabaka la etha pembeni, weka 50 mpya, inabaki tena 2/7 ya 3.43 ambayo ni 0.98. Zimetoka 11.02 badala ya 10, na hujaongeza hata tone la etha. Ukigawa mara tatu inabaki kama 0.63, faida ipo ila inapungua, ndo maana wengi wetu tunaishia mara tatu hivi.

Ukifika maabara kwenyewe, etha inachemka kwenye nyuzi 35 tu so ukitikisa faneli ya kutenganishia (ile yenye kizibo juu na koki chini) achia hewa mara kwa mara la sivyo kizibo kinaruka. Na usikariri kwamba kiyeyushi lazima kiwe juu, etha inaelea lakini klorofomu inazama chini ya maji, mi niliwahi kumwaga tabaka lenye mzigo wote nikabaki natikisa maji matupu. Ukiwa na wasiwasi dondoshea maji kidogo uone yanajiunga na tabaka lipi.