Usilipie programu ya kusikiliza wateja kabla hujaijaribu na Sheng

Dada, umeuliza kama ulipie Brandwatch, ile programu ya kufuatilia maongezi ya mitandaoni, ndio ujue watu wanasema nini kuhusu juisi yako. Mi naona bado, hiyo ni ya makampuni makubwa. Anza na Google Alerts, ni ya bure, inakutumia email jina likitajwa kwenye tovuti na habari, lakini komenti za TikTok na Facebook itabidi usachi mwenyewe, na usachi jina hata vile watu hulikosea. Siku ukiamua kulipia, omba kujaribu bure kwanza alafu uipe posti za Sheng, maana mteja akiandika "hii juisi ni noma" amekusifu, programu nayo inaweza kuhesabu hayo ni malalamiko na ripoti yote ikupotoshe kabisa. Grupu za WhatsApp programu hizi haziwezi kuzisoma, huko uliza wateja wenyewe.