Mlio wa mbele ukikata kona

Ndugu, hiyo Land Cruiser 75 inayolia kat-kat-kat mbele ukikata kona kali ndani ya 4WD (magurudumu yote manne yakivuta), usikimbilie kubadilisha shokapu. Nashuku jointi za ekseli. Zungusha hab zote mbili (vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele) hadi FREE, uendeshe 2WD (ya nyuma tu yakivuta): shafti za mbele hazitazunguka, kwa hivyo mlio ukipotea umempata mwizi. Chungulia lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu; likivuja grisi nyepesi kama uji, sili ya ndani imekufa na oili ya difu (gia za ndani ya ekseli) inaosha grisi.

Mlio ukibaki, piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi ya gurudumu, ukiendelea ni beringi za kingpini, pini ambazo gurudumu hugeukia ukikata kona. Ukienda Grogan, kwa wauza spea Nairobi, beba jointi ya zamani mlinganishe meno kabla hujalipa.