Barua ya "akaunti yako ya PayPal imezuiwa": nilivyopigwa, na ninavyokagua siku hizi

Mkuu, umesema unaongoza wageni mlimani kutokea Moshi, na asubuhi umepata barua pepe yenye nembo ya PayPal, ile huduma ya kulipana mtandaoni, ikidai akaunti yako imezuiwa, uithibitishe ndani ya saa 24. Unauliza utajuaje kama ni ya kweli. Usibonyeze chochote kwanza.

Mimi nipo Arusha, nashika ofisi ya kampuni ndogo ya safari karibu na Mnara wa Saa. Ilikuwa Julai, wageni wamejaa, gari linanisubiri kwenda uwanja wa ndege wa KIA. Ikaingia barua: umelipa dola 389, kama si wewe sitisha hapa. Nilishtuka, nikabonyeza nikiwa nimesimama mlangoni. Ukurasa ulikuwa uleule ninaoujua, rangi zilezile. Nikaweka nywila. Nikaambiwa nisubiri tarakimu sita kwenye simu, na kweli zikaja, nikaziandika. Hatujafika Usa River, benki ikanitumia ujumbe wa kato la kwanza, na baadaye ukaja wa la pili. La kwanza lilirudi baada ya wiki sita za kufuatilia. La pili limekwenda moja kwa moja.

Zile tarakimu ndizo zilizonichanganya. Zilitoka kwa huduma yenyewe, nikaamini na ukurasa ni wa kwao. Kumbe kila nilichoandika kwenye ukurasa wa mwizi kilikuwa kinaingizwa wakati huohuo kwenye tovuti ya kweli. Tovuti ya kweli ikaona kuna mtu anaingia, ikanitumia tarakimu, nami nikamkabidhi mwizi kwa mkono wangu.

Tumeshazoea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na tunaufuta bila kufikiri. Hii barua ni ndugu yake, imevaa suti tu. Usitegemee makosa ya lugha, siku hizi zinaandikwa vizuri kabisa. Jina la mtumaji nalo halina maana, maana yeyote anaweza kujiita PayPal. Kwenye simu gusa lile jina uone anwani kamili. Kiungo nacho kishikilie kwa kidole bila kukiachia mpaka kionyeshe kinakokwenda, halafu soma kile kipande kilicho kabla tu ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Ukiona paypal.com.thibitisha-akaunti.info, hapo mwenye nyumba ni thibitisha-akaunti.info, neno paypal limebandikwa mbele kama bango. Alama ya kufuli isikutulize. Maana yake ni kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na mwizi naye anaipata bure.

Kuna aina nyingine inayonitisha zaidi, kwa sababu anwani yake ni ya PayPal kweli. Mwenye akaunti yoyote anaweza kutumia mfumo wao kukutumia ankara, kisha kwenye nafasi ya maelezo akaandika "kama hukununua, piga namba hii". Ukipiga, unaongea na mwizi. Hapo ukague anwani mpaka macho yaume, hutaona kosa.

Ndiyo maana nimeacha kubishana na barua. Ikisema akaunti ina tatizo, naifunga, nafungua programu ya PayPal mwenyewe au naandika anwani kwa mkono, naangalia kama tatizo lipo. Ankara ikiwepo na siijui, siilipi, wala sipigi namba iliyoandikwa humo. Nywila nimeihifadhi kwenye kivinjari. Kisipoijaza chenyewe kama kawaida, nasimama papo hapo, maana kimeona anwani siyo ile. Na kadi niliyounganisha sasa ni ya akaunti ya pembeni yenye hela ya matumizi tu.

Kama umeshaingiza nywila, anza na benki sasa hivi wazuie kadi, ndipo ubadilishe nywila, na ya barua pepe pia kama zinafanana. Usione aibu. Mimi aibu ilinichelewesha karibu saa nzima, na lile kato la pili lilipita ndani ya saa hiyo. Barua yenyewe itume phishing@paypal.com kisha uifute. Ukianza kupata na ujumbe wa simu wa kitapeli, utume 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Tuambie basi: uliifungua tu, au uliandika kitu kwenye ule ukurasa? Na kadi iliyounganishwa ni ile wanayokulipia mshahara?